Kosa la 502 (Bad Gateway) kwenye tovuti siyo "mtandao unasumbua". Mafundi wa seva, someni logi!

Wakuu, hii tabia imezidi. Tovuti ikitoa 502, fundi anasingizia mtandao, anazima seva na kuiwasha, kisha anatuma ankara. 502 maana yake nginx, programu ya seva inayopokea maombi ya wageni wa tovuti, iko hai na imekujibu. Iliyogoma ni programu iliyo nyuma yake, mfano PHP-FPM inayoendesha kurasa za PHP. Mtandao unaingiaje hapo?

Andika tail -n 50 /var/log/nginx/error.log, tafuta mstari wenye connect(), tazama namba iliyo kwenye mabano. Ni 2? Soketi, yaani faili ambalo nginx hupitia kuongea na PHP-FPM, haipo pale nginx ilipoelekezwa. Hii inawaumbua wengi wakipandisha Ubuntu 22.04 kwenda 24.04: PHP imetoka 8.1 hadi 8.3, soketi sasa ni /run/php/php8.3-fpm.sock, ila fastcgi_pass, mstari wa mipangilio ya nginx unaotaja soketi, bado inadai ya 8.1. Mstari mmoja tu! Ni 111? Hakuna anayesikiliza upande wa pili: huduma imeanguka au iko poti nyingine.

Ni 13? Ruhusa. Hapa ndipo madudu yanapoanza, mtu anakimbilia chmod 777, yaani ruhusa zote kwa kila mtu. Soketi huundwa upya kila PHP-FPM inapowashwa, kwa hiyo 777 yako inafutika na tatizo linarudi. Fungua www.conf ya PHP-FPM, listen.owner na listen.group zimkubali mtumiaji anayeendesha nginx. Nginx ya Ubuntu hutumia www-data, iliyopakuliwa nginx.org hutumia mtumiaji nginx, ndiyo maana hazipatani. Wengine wanaimwaga 777 mpaka kwenye wp-config.php ya WordPress, nenosiri la hifadhidata lisomwe na kila mwenye akaunti humo. Aibu tupu.

Na acheni kuanza na restart. Ukisahau nukta mkato moja kwenye mipangilio, nginx inazimika na kukataa kuwaka, tovuti zote za seva hiyo zinalala. Anza na nginx -t inayokagua mipangilio, kisha reload inayoisoma upya bila kuzima. Ila reload ikikuta kosa inabaki na mipangilio ya zamani, kwa hiyo tovuti kufunguka siyo ushahidi kwamba mabadiliko yameingia.

413 nayo, kosa la faili kuwa kubwa mno, mnamwambia mteja apunguze picha! client_max_body_size isipoandikwa, nginx inakomea 1m. Ukiipandisha, bado PHP ina upload_max_filesize ya 2M na post_max_size ya 8M. Zote tatu, jamani.

Anayekuja kubisha aweke mstari wa error.log na majibu ya nginx -T, inayoonyesha mipangilio yote. Picha ya kivinjari iliyoandikwa 502 haimsaidii mtu.