Nani aliwafundisha kutupia DLL kwenye System32?

Jamani, imetosha sasa. Mtu kakompaili programu yake ya C++ kwa MinGW-w64 (kompaila ya GCC kwa ajili ya Windows), kwake inafunguka vizuri. Kuipeleka kompyuta nyingine, Windows inadai libstdc++-6.dll haipo, yaani DLL, faili la maktaba ambalo programu huliita inapofunguka. Akiuliza, jibu ni lilelile: "Pakua hiyo DLL, itupie System32."

Mnajua mnachowafanyia watu? Windows hutafuta DLL kwenye folda ya programu kwanza, kisha System32 (folda ya Windows yenyewe), na PATH, ile orodha ya folda za kutafutia programu, huja mwisho kabisa. Ukiiweka System32 umeizibia njia DLL ya kila kompaila iliyoko kwenye PATH. Toleo lisipolingana, programu iliyokuwa nzima jana leo inagoma. Na ikiwa ni ya biti 32 huku programu ni ya biti 64, unakutana na 0xc000007b. Hapo mtaalamu wetu atashauri Windows ipigwe upya!

Angalia kwanza programu inadai DLL zipi, kwa objdump, zana inayosoma yaliyomo ndani ya exe:

objdump -p programu.exe | grep "DLL Name"

KERNEL32.dll na zile za api-ms-win-crt ni za Windows 10 yenyewe, ziache. Za kompaila ni libstdc++-6.dll, libgcc_s_seh-1.dll na libwinpthread-1.dll. Zinakili kutoka folda ya bin ya kompaila ileile iliyojenga programu, uziweke kando ya exe. Au malizana nazo kabisa, uziunganishe ndani ya exe yenyewe:

g++ main.cpp -o programu.exe -static

Wale wa -static-libgcc -static-libstdc++ peke yake, libwinpthread mara nyingi hubaki inadaiwa.

Ukiona msys-2.0.dll kwenye orodha, umetumia gcc siyo. Kwenye MSYS2 (mkusanyiko wa zana za kukompaili kwenye Windows) fungua dirisha la UCRT64, si la MSYS, kisha sakinisha gcc yake kwa pacman:

pacman -S mingw-w64-ucrt-x86_64-gcc

Amri ya which gcc ilete /ucrt64/bin/gcc. Ikileta /usr/bin/gcc, bado uko palepale.

Halafu hii ya "undefined reference to `__imp_WSAStartup'". Maana yake maktaba ya mtandao ya Windows, ws2_32, haikuunganishwa. Jibu lenu? Eti afute kompaila asakinishe upya! Kosa ni mfano ulionakiliwa wenye #pragma comment(lib, "ws2_32.lib"). Hiyo ni lugha ya Visual C++, GCC inaipita kama haioni. Andika -lws2_32, tena mwishoni mwa amri, baada ya main.cpp, kwa sababu maktaba husomwa kutoka kushoto kwenda kulia. Ikitangulia, hakuna aliyeihitaji bado, inarukwa.

Mtu akileta kosa, mwombeni amri nzima aliyoandika na matokeo ya objdump. Kama huwezi kuvisoma hivyo viwili, mpishe anayeweza.