Mdogo wangu katoka Mirembe, kliniki ya kila mwezi tuifanyie wapi: Muhimbili, Temeke au binafsi?

Binti_Mbagala: Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu karuhusiwa Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, anaendelea vizuri ila dawa asiache na kila mwezi aonwe na daktari. Dodoma kila mwezi hatuwezi, nauli tu inatumaliza. Kuna Muhimbili, kuna hospitali ya rufaa ya mkoa hapa Temeke, na kliniki moja binafsi mjini nasikia haina foleni. Tarehe yake bado siku tisa, vidonge vimebaki vya wiki. Wapi pazuri?

FundiBomba: Anatumia dawa gani? Ana bima? Wa kiume au wa kike? Hujasema kitu hapo dada.

Mama Wawili: Temeke. Mi nampeleka mama mwaka wa nne sasa, nesi wa kitengo anamjua kwa jina. Muhimbili mabingwa wapo ila ile ni ya taifa, mtu aliyetulia haanzii juu.

kaka_mkubwa77: Ukienda binafsi beba barua ya kuruhusiwa, tafadhali sana. Sisi tulimpeleka kaka kwenye kliniki moja, sitaitaja, barua tumeiacha nyumbani, dokta hakuuliza kama anachomwa sindano ya mwezi, na alikuwa kachomwa Modecate, ndiyo hiyo sindano, siku sita nyuma, akamwandikia haloperidol, dawa ya jamii hiyohiyo, juu yake. Usiku wa pili shingo ikajipinda upande, macho yamegeukia juu, ulimi mzito hawezi hata kumeza mate, majirani wakaja wakaanza kukemea mapepo na mama analia tu. Saa tisa usiku tukampakia bajaji mpaka zahanati, nesi alivyomwona tu akasema hii ni dawa imezidi, akamchoma sindano, nusu saa shingo ikarudi. Kesho yake tukapewa Artane, vidonge vya kuzuia shingo isijipinde tena. Mpaka leo kaka akiona kidonge kipya anatetemeka.

Mtumishi_K: Poleni. Lakini msidharau maombi, mengine si ya hospitali.

kaka_mkubwa77: Mtumishi, usiku ule waliomshika kichwa wakikemea walikuwa wanamuumiza. Kilichorudisha shingo ni sindano.

Mama Wawili: Mama yangu anasali na anameza dawa, havigombani. Tatizo ni anayemwambia mgonjwa aache vidonge kwa imani, wiki tatu mnarudi wodini.

Binti_Mbagala: Samahani nilikuwa jikoni. Ni wa kike, miaka 24, bima hana. Anatumia sodium valproate asubuhi na jioni, na olanzapine usiku. Wanasema baipola, ule ugonjwa wa hisia kupanda sana na kushuka sana.

dirisha_la_dawa: Nafanya kazi famasi. Binti wa miaka 24 na valproate, kuna aliyewaambia habari ya mimba? Hiyo dawa inaweza kumharibu mtoto tumboni, hasa uti wa mgongo na ubongo. ASIIACHE mwenyewe, kuiacha ghafla ugonjwa unarudi, ila aulize mapema kama atabadilishiwa au apewe uzazi wa mpango. Kingine, siku tisa na vidonge vya wiki, hizo mbili atameza nini?

Binti_Mbagala: Mungu wangu. Ana mchumba, mahari imeshatolewa. Hatukuambiwa, au mama aliambiwa akasahau.

FundiBomba: Kama hana bima basi serikali, wagonjwa wa akili wana msamaha. Ila dawa ikikosekana dirishani mnanunua nje, mjipange.

Salum wa Tandika: Pale Temeke si ndo kwenye methadone, dawa ya wanaoacha heroini? Msimchanganye binti na mateja jamani.

Mama Wawili: Methadone ni huduma nyingine. Na hao mateja ni watoto wa watu, wanatibiwa kama mama yangu.

Salum wa Tandika: Sijatukana mtu mama. Nilivyokua, mtu akiambiwa Mirembe ilikuwa tusi, nilitaka tu asinyooshewe vidole.

Binti_Mbagala: Kesho asubuhi naenda Temeke na barua na kopo la vidonge, nianze na hizo siku mbili. Muhimbili sijaitoa kichwani, hiyo ya mimba nataka bingwa aniambie.

dirisha_la_dawa: Mwende na binti mwenyewe, aulize kwa mdomo wake.

mkazi_goba: Huku Goba wadau mnaenda wapi? Wa kwangu anachomwa kila mwezi na sindano imekosekana mara ya pili sasa.