Re: Akina Meyer ni watu gani?

> Hamjambo ndugu zangu. Nakaribia kufunga ndoa hapa Bielefeld, Ujerumani, mchumba wangu anaitwa Meyer. Mama yuko Tanga anauliza: hao akina Meyer ni watu gani? Na je, nilichukue jina lao?

Hongera sana dada! Mwambie mama ni ukoo wa manyapara. Jina linatokana na Kilatini, maior, yaani mkubwa. Zama za Kati bwana mwenye ardhi, au monasteri, aliweka Meier wa kusimamia shamba, kukusanya kodi ya mazao na kuwahimiza wakulima. Baadaye huko kaskazini, Westfalia yenu ikiwemo, Meier akawa mkulima mkubwa aliyekodi shamba la bwana. Mashamba yalikuwa mengi, ndiyo maana nao wamejaa, hadi wakatofautishwa: Obermeier wa juu, Niedermeier wa chini.

Ila muulize mchumba kwanza. Kwa familia za Kiyahudi, Meyer mara nyingi ni jina la Kiebrania, Meir, mwenye kutoa nuru. Hapo hakuna unyapara kabisa.

Kwa wingi wake, Wajerumani wamelifanya mkia wa utani: Schlaumeier ni mjuaji, Angstmeier ni mwoga, Vereinsmeier ni yule asiyebanduka kwenye vyama na vikao. (Humu tunao, siwataji.)

Mama huenda anamkumbuka mmoja: Hans Meyer wa Leipzig, aliyefika kilele cha Kibo, Kilimanjaro, mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller. Kilele kirefu kuliko vyote cha Mawenzi, jirani ya Kibo, bado kina jina lake.

Kulichukua? Mimi ningebaki na langu, au kuyabeba yote mawili. Tangu Mei 2025 sheria inawaruhusu nyote wawili. Shida ya Meyer ni tahajia. Meier, Maier, Mayer, Mayr, yote sikioni ni lile lile. Kwenye simu sema "Meyer mit E-Ypsilon", yaani Meyer ya E na Y, kabla hujaulizwa. Na tangu Oktoba 2025 benki inalinganisha jina la mpokeaji na IBAN (namba ya akaunti), kwa hiyo mwajiri akikuandika Meier, onyo huenda likatokea.

M., Hannover

—

Naongezea kwa kaka M.: dada, ukibadili jina, badilisha pasi ya Tanzania na kadi ya ukaazi pia, halafu ndipo ukate tiketi ya kwenda Tanga. Tiketi ifuate jina lililo kwenye pasi utakayosafiria.

Z., Köln