Wauza muvi mmetuchosha! Kirin Kiki si "bibi wa Shoplifters" tu, na hela yangu naitaka

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe herufi zikiruka. Mods, tafadhali msiuunganishe huu uzi na ule wa tamthilia za Kikorea. Huyu Kirin Kiki ni mwigizaji wa Kijapani, yule bibi wa filamu ya Shoplifters, na kesi yake inajitegemea.

Nimepigwa mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Ya kwanza ni hawa wa kuonyesha filamu mtandaoni. Wameweka sura ya mama wa watu kwenye tangazo, nikaingia kichwa kichwa nikalipia mwezi mzima. Natafuta jina lake, zinakuja filamu mbili. Mbili! Na moja nikiibonyeza naambiwa haipatikani nchini kwangu. Nikawaandikia huduma kwa wateja, likajibu roboti: umejaribu kuzima simu na kuiwasha? Yaani niwashe simu ndiyo itoke tamthilia ya mwaka 1974?

Maana hiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta. Inaitwa Terauchi Kantarō Ikka, ya televisheni ya TBS, imeandikwa na Kuniko Mukōda. Ni familia ya fundi mchonga mawe, baba mkali kama pilipili kichaa, ugomvi ukianza wanatwangana sebuleni mpaka unaona huruma kwa vyombo. Kirin Kiki ndiye bibi wa nyumba, mama mzazi wa huyo baba. Sasa shikeni viti: alikuwa na miaka 31. Anayecheza mwanawe ni Asei Kobayashi, mtunzi wa muziki, mzaliwa wa 1932. "Mama" kazaliwa 1943! Mtoto kamzidi mama miaka kumi na ushee, na ukitazama huoni kasoro. Nywele kazifanya nyeupe, mgongo kaupinda, na kwa kuwa mikono ya kisichana ingemuumbua, akavaa glavu zilizokatwa vidole. Halafu bibi huyo huyo akikaa mbele ya picha kubwa ya mwanamuziki Kenji Sawada, anajinyonganyonga na kupiga ukelele "Julieee!", jina la utani la Sawada. Nimeambulia vipande vya dakika mbili tatu tu, na nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Kuna kitu kingine kinachoonyesha hawa wauzaji hata hawajui wanachouza. Kabla ya 1977 hakuitwa Kirin Kiki. Aliitwa Chiho Yūki. Mwaka huo alikwenda kwenye kipindi cha televisheni cha mnada, akaona hana cha maana cha kuuza, akauza jina lake la kisanii. Jina! Likapata mnunuzi, yeye akajitungia jingine. Kwa hiyo ukiandika "Kirin Kiki" kwenye kisanduku chao cha kutafutia, kazi zake za miaka ya 60 na nusu ya 70 ni kama hazikuwahi kuwepo. Ni kazi ya dakika tano kuunganisha majina hayo mawili, na hakuna aliyejisumbua.

Ya pili sasa. Jamaa wa kibanda cha muvi kanijazia flashi: "Kiki yupo wote humu, bosi wangu." Kufika nyumbani, nusu ya mafaili ni katuni. Nikashukuru nilipoiona An ya mwaka 2015, ya mwongozaji Naomi Kawase. Humo anacheza Tokue, mama wa miaka 76 anayekwenda kuomba kazi kwenye kibanda cha dorayaki, vile vikeki viwili vilivyobana maharage matamu katikati. Ile sehemu ya kupika maharage naweza kuirudia kila siku. Anayainamia kwenye sufuria, anayasikiliza, anayaongelesha kama wageni waliotoka safari ya mbali. Wateja wanapanga foleni. Kisha ghafla hakuna anayekuja, kwa sababu imevuma kwamba Tokue aliugua ukoma. Japani ilikuwa na sheria ya kuwatenga wagonjwa wa ukoma, na haikufutwa hadi 1996, miaka mingi baada ya dawa kupatikana. Filamu nzima imebebwa na neno hilo moja. Tafsiri ya kwenye flashi yangu, ya mashine bila shaka, imeandika "ngozi mbaya". Ngozi mbaya! Shemeji yangu tuliyekuwa tunatazama naye akauliza, "Sasa si apake mafuta?" Nilitamani kulia.

Shoplifters nayo ilikuwemo, ile iliyochukua Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, Mei 2018. Kiki alikuwa mgonjwa wa saratani miaka mingi, na bado akaamua kutoa meno yake ya bandia ili bibi yule achakae kweli kweli. Ufukweni, amekaa mchangani anawatazama wenzake wanacheza kwenye maji, anachezesha midomo bila sauti. Maneno hayo kwenye andiko la filamu hayakuwemo. Mwongozaji Hirokazu Koreeda amesimulia kwamba aliyagundua wakati wa kuhariri: alikuwa anasema ahsanteni. Septemba 15 mwaka huo huo akafariki, ana miaka 75. Mnajua flashi yangu imeandika nini hapo? "Muziki unaendelea."

Na wewe unayetaka kuandika "mkuu, hela ya kula huna unalilia bibi wa Kijapani", pita kimya kimya. Hela ni yangu.

Mwenye Terauchi Kantarō Ikka yenye tafsiri iliyofanywa na binadamu, hata ya Kiingereza, aje PM tuelewane bei. Na yule jamaa wa kibanda kama yumo humu: kesho asubuhi nakuja na flashi yako.