Kuwasha LED kubwa moja kwa moja na betri za lithiamu, naombeni ushauri

KasiaMbili: Wadau salaam. Nina LED nyeupe ya wati 10, ile ya volti 3, nataka niiwashe na seli tatu za 18650 (zile betri za lithiamu za mviringo) nilizounga chanya kwa chanya hasi kwa hasi, bila draiva (kile kisakiti cha kudhibiti umeme unaoingia LED). Ni ya usiku mtumbwini huku Tudor, mi napiga kasia tu na karabai imenichosha. Nimeijaribu nyumbani jirani akauliza kwani leo kuna harusi, lakini roho haitulii. Itadumu?

FundiWaya: Yakhe hata seli moja ingekuwa afadhali. Seli ikijaa ni volti 4.2, LED yataka 3 na kitu, kinachozuia umeme usipite mwingi ni risistansi ya seli na waya basi. Ukiunga tatu risistansi yashuka, ampia zapanda, LED ikipata joto inazidi kuvuta, mwisho mwanga unakuwa wa buluu halafu kwaheri. Tafuta draiva.

MamaNgisi: Ya waya siyajui ila marehemu mume wangu alikuwa akienda na karabai na ngisi walikuwa wakija wenyewe, siku hizi Kongowea ngisi wawili watu wagombana. Ukipata niambie

FundiWaya: Na hizo seli umetoa wapi? Hujasema.

KasiaMbili: Seli ni seli bwana

Pwani_Voltimita: Mpya ama za laptopu?

KasiaMbili: Za laptopu ya shemeji, ilikufa. Mbili zilikuwa poa, moja ilikuwa volti 1.1 lakini nimeichaji polepole imefika 4.1 na imekaa, sasa mbovu vipi? Na nishazichomea risasi, nishaziba mkebe kwa silikoni maji ya chumvi yasiingie, kufungua ni kuharibu kazi.

Pwani_Voltimita: Subhanallah. Seli ikishuka hivyo shaba ya ndani huyeyuka, ukichaji inajijenga pasipo pake, siku yoyote inapiga shoti humo humo ndani na zile mbili zinaimwagia umeme wote. Na wewe umeiziba! Hapo hata fyuzi kwa kila seli hakuna. Petroli ya injini waweka wapi?

KasiaMbili: Petroli iko tezi, taa iko omo, haviko karibu

Ustadhi_Likoni: Riziki anatoa Mungu kijana, usijitie mwenyewe kwenye maangamizi. Na shemeji anajua laptopu yake iko wapi?

Mchokozi001: Ngojeni kwanza. Juu ulisema wapiga kasia, injini imetoka wapi? Na si huyu juzi alikuwa fundi simu Mwembe Tayari akiuliza taa ya kibanda? Tunapigwa hadithi hapa jamani, weka picha.

KasiaMbili: Injini ya kuazima. Kwani fundi simu haruhusiwi kuvua?

MamaNgisi: Kwa hivyo ngisi hakuna?

FundiWaya: Iwe kweli iwe uongo, hiyo ya 1.1 itoe leo, usiichaji tena

KasiaMbili: Sawa lakini zikibaki mbili nitakosa mwanga. Draiva ya hii Mwembe Tayari ni ngapi?

Mchokozi001: Si wewe ndio fundi wa huko 😂