Wakuu wa kiwanda cha Topf: walilazimishwa au walijitakia?

Wanajamvi, kila tukizungumzia viwanda vya Ujerumani enzi za Hitler, hoja ni ileile: wenye mali hawakuwa na hiari, wangekataa wangeuawa. Naileta hapa tuipime kwa kiwanda kimoja tu, J. A. Topf & Söhne cha Erfurt.

Kazi yao kubwa ilikuwa mitambo ya viwanda vya bia. Matanuri ya kuchomea maiti yalikuwa kitengo kidogo. Wenye kiwanda, ndugu Ludwig na Ernst Wolfgang Topf, waliingia chama cha Nazi mwaka 1933. Vita vilipoanza wakawauzia SS, kikosi cha Nazi kilichoendesha kambi za mateso, matanuri ya kambi za Buchenwald, Auschwitz na nyinginezo. Biashara hiyo ilikuwa kama asilimia 2 tu ya mauzo yao, kwa hiyo tusiambiwe kiwanda kingefilisika bila hiyo.

Mtazameni mhandisi wao, Kurt Prüfer. Mwaka 1941 alitishia kuacha kazi. Dhamiri haikumsumbua, alitaka mshahara zaidi. Akaongezwa, akabaki. Aliyeshikiwa bunduki hatishii kuondoka ili apandishiwe mshahara! Mwenzake, Karl Schultze, alishughulikia mitambo ya hewa ya vyumba vya gesi vya kuulia watu. Mwaka 1942 Fritz Sander, mhandisi mwingine wa kiwanda hicho, akaomba hataza (haki ya mvumbuzi) ya tanuri la kuchoma maiti nyingi mfululizo, bila kupumzika, na alilibuni kwa hiari yake. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote.

Wanaowatetea wana jambo moja la kweli: ndugu hao waliwaajiri wakomunisti na watu wenye asili ya Kiyahudi, na wakawakingia kifua baadhi ya wafanyakazi hao. Mimi naona hilo linawahukumu zaidi. Walijua kumkinga mtu, na walikuwa na nafasi ya kufanya hivyo.

Vita vilipokwisha, Ludwig alijiua Mei 1945. Prüfer alihukumiwa na Wasovieti miaka 25, akafia kifungoni mwaka 1952. Ernst Wolfgang alikwenda Ujerumani Magharibi, akafungua tena kampuni ya matanuri ya maiti, akishikilia kwamba hakuna mwenye hatia katika kiwanda chake. Hakuna mahakama iliyomtia hatiani.

Kwangu mimi mwenye kiwanda anabeba mzigo kuliko mhandisi wake, kwa sababu saini ilikuwa yake. Anayesema walilazimishwa, anitajie agizo moja la SS ambalo ndugu hawa walijaribu kulikataa.