Mrejesho: watoto wa gredi ya tano na hadithi

Asanteni sana. Niliwauliza nifanyeje na wanafunzi wangu hapa Likoni: wanasoma hadithi kwa sauti, matamshi safi, lakini ukiuliza kwa nini Sungura alidanganya, kimya.

Aliyeniambia nisimame katikati ya hadithi niwaulize "mngekuwa nyinyi?", Mungu ambariki. Niliandika kisa ubaoni, nikaanza "Paukwa!", wakaitika "Pakawa!", nikakatiza pale Fisi anapopanda feri na kikapu kisicho chake. Weee! Ubishi mpaka kengele ikalia. Mmoja akashikilia Fisi si mwizi, ana njaa tu, tena akaniwekea kidole kwenye mstari wenyewe. Hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta.

Kuchora wahusika hakukusaidia, walipaka rangi tu. Na maswali ya mtihani bado yanawatoa jasho.